Kubandika alama kwenye msimbo wa mwenzako: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wiki (tovuti inayohaririwa na wasomaji wake) ya kwanza duniani, ile aliyoifungua mwandishi wa programu Ward Cunningham mwaka 1995, ilikuwa ya waandishi wa programu. Kanuni yake ndiyo tunayoishi nayo hadi leo: yeyote anaweza kuhariri ukurasa wowote. Kanuni hiyo hiyo ndiyo inayozaa maswali ya adabu. Ikiwa kila mtu anaruhusiwa kugusa kazi ya kila mtu, ni lini uiguse, ni lini uiache, na mwenye kazi unamwambiaje kwamba msimbo wake (maandishi ya programu yake) una kosa?

Majibu haya yanahusu wiki ambazo kazi moja, yaani tatizo moja la programu, hutatuliwa kwa lugha nyingi za programu, kama Rosetta Code iliyoanza mwaka 2007. Mengi yake yanafaa pia kwenye wiki ya timu inayotunza vipande vya msimbo kwa matumizi ya pamoja.

## Alama ni nini hasa?

Ni kigezo kifupi (maandishi maalumu ya wiki) unachokiandika ndani ya ukurasa, karibu na msimbo unaohusika. Ukihifadhi, kisanduku hujitokeza mbele ya msomaji, na ukurasa huingia wenyewe kwenye jamii, yaani kundi, ya kurasa zinazosubiri kushughulikiwa. Wiki nyingi zina aina kadhaa. Rosetta Code, kwa mfano, ina alama ya msimbo wenye kosa, ya msimbo unaoweza kuboreshwa, ya msimbo unaohitaji kuhakikiwa upya, na ya lugha inayoachwa nje ya kazi fulani.

Alama moja husomwa na watu watatu. Wa kwanza amekuja kunakili msimbo, naye anahitaji onyo. Wa pili anaijua lugha na yuko tayari kutengeneza, naye anahitaji kujua aanzie wapi. Wa tatu ni yule aliyeuandika msimbo, ambaye alijitolea muda wake bila malipo. Alama nyingi zinazoleta ugomvi ziliandikwa kwa ajili ya yule wa kwanza peke yake.

## Kwa nini nibandike alama badala ya kurekebisha tu?

Mara nyingi hupaswi kubandika. Kama unaijua lugha, unaweza kuendesha msimbo kwenye mashine yako, na kosa halina ubishi, rekebisha, kisha ueleze ulichofanya kwenye muhtasari wa hariri (maelezo mafupi unayoandika unapohifadhi). Mabano yaliyosahauliwa, jina la kigeu (kitu kinachobeba thamani ndani ya programu) lililokosewa herufi, matokeo yasiyolingana na programu iliyo juu yake: vyote hivyo ni vya kurekebisha papo hapo. Kubandika alama kwa sababu ya nukta mkato iliyokosekana ni kumtwika mwenzako kazi ambayo ungeimaliza kabla hujamaliza kuandika alama yenyewe.

Alama inafaa pale usipoweza kurekebisha, kwa kuwa hujui lugha vya kutosha au huna kompaila yake (programu inayogeuza msimbo ili mashine iweze kuuendesha). Inafaa pia pale unapoweza lakini hupaswi kufanya hivyo peke yako, kwa kuwa marekebisho yatabadilisha wazo lenyewe la msimbo. Mtu aliyeandika funksheni (kipande cha programu chenye jina) inayojiita yenyewe badala ya kitanzi (maagizo yanayorudiwa) huenda alikusudia kuonyesha jambo hilo hasa. Ukiandika yote upya kwa mtindo wako, mchango wake umetoweka na wako umekaa mahali pake, hata kama muhtasari wa hariri unasema “marekebisho madogo”.

## Nitofautishe vipi kosa na kitu cha kuboresha?

Msimbo una kosa ikiwa haufanyi kilichoombwa na kazi. Haupiti kwenye kompaila, unakatika njiani, unatoa jibu lisilo sahihi, au umekwepa njia ambayo kazi imeitaka. Msimbo ni wa kuboreshwa ikiwa unafanya kilichoombwa lakini una upungufu: hauonyeshi matokeo, hautaji maktaba (mkusanyo wa msimbo uliokwisha kuandikwa) unayoitegemea, umeacha sehemu ya nyongeza.

Mpaka huo unateleza sehemu mbili, na hapo ndipo panapohitaji utulivu.

Ya kwanza ni njia. Chukua kazi ya kutafuta namba tasa kwa chujio la Eratosthenes. Chujio la kweli hukata namba kwa kuruka: ukiwa na 7 unafuta 49, 56, 63 na kuendelea, bila kugawanya chochote. Programu nyingi fupi zinazojiita chujio hupima baki la kila namba kwa kila namba tasa iliyotangulia. Orodha inayotoka ni ile ile, lakini kazi iliyofanyika ni nyingine, na namba zikiwa nyingi tofauti ya kasi ni kubwa. Mwaka 2009 mwanasayansi wa kompyuta Melissa O'Neill alichapisha makala iliyoonyesha kwamba programu maarufu ya mistari michache ya lugha ya Haskell, iliyofundishwa miaka mingi kama chujio hilo, si chujio la Eratosthenes. Kwa hiyo, kama kazi imetaja njia, msimbo unaotoa jibu sahihi kwa njia nyingine unastahili alama ya kosa. Kama kazi imeomba tu orodha ya namba tasa, hakuna kosa hapo.

Ya pili ni mipaka ya namba. Faktoria ya 12, yaani zao la namba zote kuanzia 1 hadi 12, ni 479,001,600, nayo inaenea kwenye namba kamili ya biti 32 (tarakimu 32 za 0 na 1). Faktoria ya 13 ni 6,227,020,800, nayo haienei. Kwenye biti 64 mwisho ni faktoria ya 20. Je, funksheni ya lugha ya C inayoharibika kwenye 13 ina kosa? Soma kazi. Ikiwa inadai faktoria ya 50, ndiyo. Ikiwa haikusema ukubwa, basi msimbo umefanya kazi yake ndani ya uwezo wa aina ya namba uliyoichagua, na kinachohitajika ni sentensi moja inayotaja kikomo hicho. Iandike wewe mwenyewe, bila alama.

Nimelifikiria hili sana, na msimamo wangu ni kwamba ukiwa na shaka uchague alama iliyo laini zaidi. Alama ya kuboresha inaweza kupandishwa baadaye kuwa ya kosa. Alama ya kosa iliyobandikwa pasipostahili humfanya msomaji aukimbie msimbo mzuri na humuumiza mwenye nao, na ukiishusha siku ya pili hujarudisha vyote viwili.

## Nihakikishe vipi kwamba kweli ni kosa?

Uendeshe. Kuusoma kwa macho hakutoshi, kwa sababu macho hudanganya pande zote mbili: huona kosa pasipo na kosa, na hulipita lililopo.

Mfano wa kwanza ni sehemu za desimali. Programu ikijumlisha 0.1 na 0.2 na kuonyesha 0.30000000000000004, hapo hakuna aliyekosea. Ndivyo namba hizo zinavyohifadhiwa kwa mfumo wa tarakimu mbili tu, 0 na 1, kwenye karibu kila mashine. Mwenye kubandika alama ya kosa hapo anailalamikia kompyuta.

Mfano wa pili ni kinyume chake, nao ndio unaonifanya nisisitize. Kazi ni kuchanganya karata kwa bahati nasibu. Msimbo unapita kwenye kila karata na kuibadilisha nafasi na karata yoyote ya safu nzima. Matokeo yanaonekana yamechanganyika vizuri. Ukiendesha mara moja huwezi kuona lolote. Lakini hesabu kwa karata tatu. Kila hatua ina chaguo tatu, hivyo kuna njia 27 zenye uwezekano sawa, na mipangilio ya karata tatu ni sita. Ishirini na saba haigawanyiki kwa sita. Hivyo mipangilio mitatu hutokea mara 5 katika 27, na mitatu mingine mara 4. Mchanganyo huo una upendeleo. Algorithimu (utaratibu wa hatua) sahihi, ile ya Fisher na Yates iliyowekwa katika hali ya kufaa kompyuta na Richard Durstenfeld mwaka 1964, huchagua kutoka kwenye karata zilizobaki tu.

Angalia kilichotokea: kosa lipo, ni la kweli, na matokeo yaliyobandikwa chini ya msimbo hayalionyeshi. Hapo alama ni ya lazima, na sababu yake lazima iwe na hesabu hiyo, au idadi ya kila mpangilio baada ya majaribio mengi. Ukiandika tu “mchanganyo si sahihi”, mwenye msimbo ataendesha, ataona karata zimechanganyika, na ataiondoa alama yako kwa nia njema kabisa.

Kabla ya kuhifadhi, hakikisha pia kwamba umesoma kazi yenyewe mpaka mwisho, pamoja na ukurasa wake wa majadiliano. Mara nyingi jambo unalotaka kulalamikia lilikwisha kujadiliwa na kuamuliwa.

## Sababu iandikwe vipi?

Iwe na mambo matatu: ulichokiingiza, kilichotoka, na kilichotarajiwa kwa mujibu wa kazi. Taja toleo la lugha na mfumo unaotumia ikiwa yanaweza kuwa na athari.

Linganisha hizi.

“Haifanyi kazi.”

“Kwa mwaka 1900 programu inajibu kwamba ni mwaka mrefu. Kazi inataka kalenda ya Gregori, ambamo mwaka unaogawanyika kwa 100 si mwaka mrefu isipokuwa ugawanyike pia kwa 400. Mwaka 2000 unajibiwa sawasawa.”

Ya kwanza inamlazimisha mwenzako kuanza upelelezi. Ya pili ina nusu ya marekebisho ndani yake, na ile sentensi ya mwisho, inayosema kipi kiko sawa, inamwokolea muda wa kukagua kitu ambacho wewe umeshakikagua.

Kuhusu lugha: zungumzia msimbo. “Kitanzi kinaishia 99 badala ya 100” kinatosha. “Mwandishi hajui kuhesabu vitanzi” kinamgusa mtu, na hakimwongezei mtengenezaji habari yoyote. Epuka pia maneno kama “ni wazi kwamba” na “hata mwanafunzi angejua”. Kama lingekuwa wazi, lisingeandikwa hivyo.

Ikiwa maelezo yanazidi sentensi mbili tatu, weka kiini kwenye alama na mengine kwenye ukurasa wa majadiliano, ukitia sahihi kwa viwimbi vinne, yaani ~~~~, ili programu ya wiki iandike jina lako na tarehe.

## Niiweke wapi kwenye ukurasa?

Chini ya kichwa cha lugha inayohusika, juu ya msimbo wenyewe. Kamwe usiiweke kileleni mwa ukurasa, kwa sababu hapo inaonekana kuwa lugha zote zina kosa. Lugha ikiwa na misimbo miwili au mitatu, iweke juu ya ule hasa unaousema.

## Sijui lugha yenyewe, lakini matokeo ninaona hayako sawa. Naruhusiwa?

Unaruhusiwa, na wakati mwingine jicho la mgeni ndilo linaloona. Ila sema ukweli huo kwenye sababu: “Situmii lugha hii, nimelinganisha matokeo yaliyoonyeshwa na orodha iliyo kwenye maelezo ya kazi, na namba ya tatu inatofautiana.” Msomaji atajua uzito wa alama yako.

Tahadhari moja. Kila lugha ina sheria zake, na usiihukumu moja kwa sheria za nyingine. Baki la −7 kwa 3 ni 2 ukiuliza Python na ni −1 ukiuliza C, na zote mbili zinafuata kanuni zilizoandikwa. Fortran huanza kuhesabu vipengele vya safu (orodha ya thamani) kwa 1 usipoielekeza vingine. Ukiwa unatoka lugha moja tu, vitu vya namna hii vinafanana sana na makosa. Njia salama ni kuuliza kwanza kwenye ukurasa wa majadiliano. Kuuliza si ujinga, na swali halichafui ukurasa.

## Msimbo ni wa zamani na hauendeshi kwenye toleo jipya. Una kosa?

Hauna, mradi uliendeshwa sawasawa kwenye toleo uliloandikiwa. Python 3 ilitoka Desemba 2008, na msaada wa Python 2 ulikoma tarehe 1 Januari 2020. Wiki bado zimejaa misimbo ya kabla ya hapo. Kinachohitajika ni kutaja toleo linalofaa kwa kigezo kilichopo kwa ajili hiyo. Ukiweza, ongeza msimbo wa toleo jipya chini yake na uuache wa zamani, kwa kuwa kuna watu wanaotunza mifumo ya zamani na hawana pengine pa kwenda.

Lakini tazama vizuri misimbo inayoendelea kuendeshwa huku jibu limebadilika. Katika Python 2, 7/2 ilitoa 3. Katika Python 3 inatoa 3.5. Hakuna ujumbe wa kosa wala kukatika. Msimbo wa aina hiyo usiotaja toleo unastahili alama, kwa sababu msomaji hana dalili yoyote ya kumwonya.

## Maelezo ya kazi yamebadilishwa, na sasa misimbo ya zamani haikidhi. Nani anabandika?

Aliyebadilisha maelezo. Hili naliona kuwa suala la haki kuliko suala la utaratibu. Watu walitimiza walichoombwa. Siku moja mtu mwingine akaongeza sharti, na ghafla kazi zao zinaonekana mbovu. Kwa hiyo usitumie alama ya kosa. Tumia ile ya kuhakikiwa upya, ambayo husema wazi kwamba sharti ndilo lililobadilika.

Kabla ya kuongeza sharti kwenye kazi iliyokwisha kujibiwa kwa lugha nyingi, tangaza kwenye majadiliano na usubiri maoni. Mara nyingi ni afadhali sharti jipya liwe sehemu ya nyongeza, au kazi mpya kabisa, kuliko kuwafanya watu wengi warudie walichokwisha kukimaliza.

## Msimbo ni sahihi lakini ni mbaya. Majina ya vigeu ni a, b, c. Nibandike?

Hapana. Mtindo hauna alama. Kama lugha ina kanuni za uandishi zinazokubaliwa na wengi na msimbo umezivunja kiasi cha kutosomeka, toa pendekezo kwenye majadiliano, au ongeza toleo lako chini yake lenye maelezo ya kwa nini umeandika hivyo. Misimbo miwili inayofika mahali pamoja kwa njia mbili ina faida kwa anayejifunza. Wasomaji wataiona tofauti wenyewe.

## Vipi kuhusu kosa linalotokea kwenye data kubwa mno tu?

Mwaka 2006 Joshua Bloch alieleza kwamba utafutaji wa nusu kwa nusu (unaogawanya orodha iliyopangwa katikati kila hatua) aliouandika yeye mwenyewe kwa ajili ya maktaba ya Java ulikuwa na kosa lililokaa humo takriban miaka tisa. Ulipata katikati kwa kujumlisha mwanzo na mwisho kisha kugawanya kwa mbili; safu ikifika vipengele bilioni moja hivi, jumla hufurika (huzidi ukubwa ambao aina ya namba inaweza kubeba) na kuwa namba hasi. Dawa ni fupi: jumlisha mwanzo na nusu ya tofauti.

Msimbo wa namna hiyo ukiukuta kwenye wiki, urekebishe ukiweza, au ubandike alama ya kuboresha yenye maelezo hayo. Usiseme “si sahihi” pasipo kueleza ni lini hauwi sahihi. Watu wameutumia kwa miaka na umewapa majibu ya kweli, na alama isiyotaja mazingira ya kosa itawafanya wasikuamini.

## Nimekuta mchangiaji mmoja ana makosa kwenye kurasa nyingi. Nibandike zote?

Anza na moja au mbili, kisha umwandikie kwenye ukurasa wake wa majadiliano. Huenda yote yanatoka kwenye kutoelewa jambo moja, naye akiambiwa atayarekebisha yote mwenyewe. Mtu anayefungua orodha yake ya maangalizi (kurasa anazozifuatilia) na kukuta alama kumi na tano kutoka kwa jina moja ndani ya saa moja hawezi kuamini kwamba unashughulika na msimbo. Ataona unamfuata yeye, hata kama kila alama ina haki.

Asipojibu, endelea taratibu, na kila alama iwe na sababu yake kamili. Usinakili sentensi moja kila mahali.

## Mchangiaji ni mgeni kabisa. Nimtendee tofauti?

Ndiyo. Kama ni mchango wake wa kwanza, mwandikie neno la kumkaribisha kabla au pamoja na alama, na kama kosa ni la mpangilio wa ukurasa tu, lirekebishe na umwonyeshe ulivyofanya. Wageni wengi hawajui kwamba alama ni jambo la kawaida linalowapata hata wakongwe. Wao huiona kama kufukuzwa. Wiki hupoteza watu hapo, nao huondoka bila kuaga, ndiyo maana hasara hiyo haihesabiwi.

## Mimi ndiye niliyebandikiwa. Nifanyeje?

Soma sababu, endesha ulichoelezwa, kisha jibu. Kama kosa lipo, rekebisha na useme kwenye muhtasari umerekebisha nini. Kama halipo, jibu kwenye majadiliano kwa ushahidi ule ule unaotakiwa kwa mbandikaji: ulichoingiza, kilichotoka, toleo unalotumia. Kama sababu haieleweki, uliza. Usiiondoe alama kimyakimya, maana hapo ndipo vita vya hariri huanzia.

Na usivunjike moyo. Mwaka 1964 mwanasayansi wa kompyuta Donald Knuth alitunga jaribio dogo la kupima kompaila za lugha ya ALGOL 60, akakisia kwamba jibu lake ni −121. Jibu sahihi ni −67. Huyo huyo Knuth kwa miaka mingi amewapa zawadi ya dola 2.56 wanaogundua kosa kwenye vitabu vyake, na waliopokea zawadi hizo huzithamini kuliko fedha yenyewe. Mtu aliyebandika alama yenye sababu nzuri ameusoma msimbo wako kwa makini kuliko karibu kila mtu mwingine. Mshukuru.

## Nani anaondoa alama?

Aliyerekebisha anaweza kuiondoa, hata kama ndiye mwenye msimbo, ikiwa sababu ilikuwa wazi na marekebisho yanaijibu moja kwa moja. Sababu ikiwa na utata, ni bora mbandikaji au mtu wa tatu aangalie kwanza, kinyozi hajinyoi.

Wajibu mkubwa zaidi uko kwa mbandikaji. Ukibandika, weka ukurasa huo kwenye maangalizi yako na urudi. Wiki nyingi zina alama za miaka mingi juu ya misimbo iliyokwisha kurekebishwa zamani, kwa sababu aliyebandika hakurudi na aliyerekebisha aliogopa kuigusa. Alama ya namna hiyo inamsema vibaya mtu aliyekwisha fanya alichoombwa. Ukiikuta, linganisha tarehe yake na historia ya ukurasa, endesha msimbo, na kama kosa halipo tena iondoe, ukitaja hariri iliyolimaliza.

## Hakuna aliyejibu. Nisubiri mpaka lini?

Kwa kosa la kawaida, hakuna haraka. Watu huchangia wakipata nafasi, na wengine hurudi baada ya miezi. Alama inaendelea kumlinda msomaji wakati wote huo. Ikiwa baadaye umejifunza lugha au umepata kompaila, rekebisha mwenyewe.

Kutojibiwa hakukupi ruhusa ya kufuta msimbo. Kufuta ni kwa mchango usio na uhusiano na kazi, uharibifu wa makusudi, au msimbo ambao majadiliano yamekubali kwamba hauokoleki.

## Kuna misimbo isiyopaswa kusubiri?

Ipo ya aina mbili. Ya kwanza ni msimbo unaoweza kumdhuru anayeuendesha: unaofuta mafaili, unaotuma data nje, unaoendesha amri iliyopokewa kutoka kwa mtumiaji bila kuikagua huku ukidaiwa kuwa ni mfano wa usalama. Huo uondoe kwenye ukurasa mara moja na umjulishe mkabidhi (msimamizi wa wiki). Historia imeuhifadhi, kwa hiyo kilichoondolewa kimakosa kitarudishwa.

Ya pili ni msimbo unaoudhania kuwa umenakiliwa mahali ambapo leseni hairuhusu. Usitumie alama ya kosa na usimtuhumu mtu hadharani. Mpelekee mkabidhi kiungo cha chanzo na kiungo cha kudumu cha toleo la ukurasa linalohusika.

## Nahisi msimbo umetungwa na akili mnemba. Nibandike kwa sababu hiyo?

Kama wiki yako ina sera juu ya jambo hilo, ifuate. Kama haina, hisia si sababu. Endesha msimbo. Misimbo ya namna hiyo mara nyingi huita funksheni zisizokuwepo kwenye maktaba, au huonyesha matokeo ambayo programu haikuyatoa kamwe; yote mawili yanathibitika kwa kuendesha, na ndiyo yatakayokuwa sababu ya alama yako. Ukiuendesha na ukakuta uko sahihi, huna la kubandika. Kuna watu wanaoandika kwa mtindo uliosawazishwa sana, na wengine wanaoandika maelezo kwa lugha ambayo si yao. Kuwatuhumu bila ushahidi ni kuwadhulumu.

## Nimebandika, ameondoa, nimerudisha, ameondoa tena. Sasa?

Acha. Kwenye Wikipedia ya Kiingereza, kutengua hariri za wengine zaidi ya mara tatu kwenye ukurasa mmoja ndani ya saa 24 kunaweza kukufungia, lakini usingoje kikomo. Baada ya kurudisha mara moja, mahali pa mazungumzo ni kwenye majadiliano. Eleza hoja yako mara moja, kwa ukamilifu, kisha mwalike mtu wa tatu anayeijua lugha. Wakati mnasubiri, ukurasa ukae katika hali yoyote uliyomo. Msomaji hataumia kwa siku chache, ila ataumia akikuta ukurasa unaobadilika kila anapoufungua.

## Nimegundua kwamba alama niliyobandika ndiyo yenye makosa. Niiondoe tu?

Iondoe mara moja, na kwenye muhtasari andika kilichokufanya ufikiri kuna kosa: “Nilitumia toleo la zamani la kompaila, kwenye toleo lililotajwa msimbo unaendeshwa sawasawa.” Mwandikie mwenye msimbo neno fupi ikiwa aliiona. Na kama kilichokuchanganya kinaweza kumchanganya mwingine, ongeza sentensi moja ya maelezo juu ya msimbo ili atakayefuata asibandike alama ile ile.